Mwongozo wa Mlalamishi wa Amu

Programu ikikwama mjini Amu, kabla ya adhana ya magharibi kila baraza kutoka Langoni hadi Mkomani lishapata habari. Watu washajua kwamba ramani ya simu imempeleka mgeni kwenye mikoko, kwamba kompyuta ya zahanati imemeza ripoti ya mwezi mzima, kwamba herufi za Kiarabu alizoandika ustadhi zimegeuka visanduku vitupu. Sababu zishatajwa, wa kulaumiwa washapatikana, na kahawa ishakwisha. Wote wamejua, isipokuwa mtu mmoja: yule awezaye kuirekebisha.

Mwongozo huu ni wa kumfikishia mtu huyo habari. Unawahusu wanaotumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kumpa mwenzake. Visiwani tunazitumia kila siku, na wengine wetu hatujui kama tunazitumia. Takwimu za afya za Kenya nzima huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea nchini mwetu mwaka 2011. KenyaEMR, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki za serikali, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Ramani za Organic Maps na OsmAnd, ambazo hufunguka hata mahali pasipo mtandao, huchota habari zake kutoka OpenStreetMap, kazi iliyoanza 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ukiongeza Firefox na LibreOffice, hesabu inakuwa ndefu.

Programu hizi hazina duka la kuzirudisha wala meneja wa kugombana naye. Zina watunzaji. Wachache wao hulipwa; wengi hukaa nazo usiku, baada ya kazi ya mshahara na baada ya watoto kulala. Mtunzaji wa namna hiyo hajawahi kushuka gati ya Mokowe. Hajui bamvua ni nini, hajui kwamba mkondo wa Mkanda hupitika kwa kusubiri maji, hajui kwamba mtu wa Kizingitini huenda akapata mtandao asubuhi akaukosa mchana kutwa. Usipomwambia hatajua kamwe, na kasoro ya Amu itabaki Amu. Hilo ndilo nataka mlalamishi alishike kabla ya yote: wewe ndiye shahidi, na mara nyingi hakuna mwingine.

Sasa tuanze na maneno mawili ambayo yamepoteza saa nyingi za watu wema kuliko umeme kukatika: "Haifanyi kazi."

Nenda Matondoni ukamwambie fundi wa jahazi, "Fundi, chombo kinavuja," kisha ugeuke uende zako. Atakuita urudi. Kinavuja wapi, kwenye mkuku au karibu na fashini? Kikiwa na shehena au kitupu? Kilianza lini, kabla ya kupandishwa mchangani au baada ya kugusa mwamba? Mnafua ngama mara ngapi kutoka hapa hadi Faza? Kalafati ya mwisho ilipigwa lini, na nani? Hakuna swali la kipuuzi hapo. Kila jibu linampunguzia mbao za kukagua. Mtunzaji wa programu ana maswali ya aina hiyohiyo, ila yeye hawezi kushuka ufukweni akakitazama chombo. Anachokiona ni maandishi yako tu.

Basi maandishi yabebe mambo matatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Simon Tatham, Mwingereza aliyetengeneza programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 makala nzima juu ya namna ya kuripoti kasoro, na shauri lake kubwa ni kwamba mtu aeleze alichokiona kabla ya kueleza anachodhani. Shauri hilo linatufaa sana sisi tulio wepesi wa kuhukumu. "Seva yenu imejaa" ni hukumu. "Nilibonyeza Hifadhi, nikangoja dakika mbili, likatokea neno hili" ni ushahidi. Dhana yako usiitupe, huenda ni sahihi; iweke mwisho, uiite dhana.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Tuseme umetoka Matondoni kwa miguu kwenda Kipungani, ukafuata ramani ya simu, ukajikuta ndani ya mikoko na maji yamekufika kiunoni. Umekasirika, na una haki ya kukasirika. Barua ya kwanza itakayokujia kichwani ni hii: "Ramani yenu ni ya uongo, karibu ituzamishe." Iandike, uisome, kisha uifute. Andika hii:

"Ninatumia Organic Maps kwenye simu ya Android 11, pamoja na ramani ya Kenya niliyoipakua mwezi uliopita. Niliomba njia ya miguu kutoka Matondoni hadi Kipungani. Programu ilinipitisha kwenye njia iliyo ndani ya mikoko. Nilifika hapo saa 16:30, siku ya mwezi mpevu, nikakuta njia imefunikwa na maji mpaka kiunoni. Kesho yake saa 11:00 nilirudi. Maji yalikuwa yamekupwa na njia ilikuwa kavu. Nilitarajia programu inionye kwamba njia hii hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Ninaambatanisha alama ya mahali penyewe. Nikihitajika kupima tena, niko tayari."

Angalia alivyofanya mwandishi wa barua hii. Hakumtukana mtu. Ametaja programu, simu na umri wa ramani. Ametaja siku ya mwezi, na mtu wa pwani anajua kwa nini: siku za bamvua maji yetu hujaa alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na adhuhuri. Zaidi ya yote, alirudi. Kule kurudi kwa mara ya pili ndiko kunakomwambia mchoraji wa ramani kwamba njia ipo kweli, ila si ya kila saa. OpenStreetMap ina alama yake maalumu ya kuonyesha mahali panapofunikwa maji yakijaa. Mchoraji aliye Nairobi au Poland akiisoma barua hii ataiweka alama hiyo kwa dakika chache. Angesoma "ramani ya uongo" huenda angeifuta njia nzima, na wanaoitegemea kila siku maji yakikupwa wangeikosa.

Saa nazo zina mtego wake, nao ni mtego wetu wenyewe. Mhudumu wa zahanati akiandika kwamba mashine ilikwama "saa 4", sisi tunajua ni saa nne asubuhi, jua limepanda. Msaidizi wa ng'ambo anasoma saa kumi ya usiku. Anafungua kumbukumbu za seva, anatafuta saa hiyo, hakuti kitu, anajibu kwa adabu kwamba haoni tatizo. Tena seva nyingi huandika saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo saa nne yetu ya asubuhi, ambayo saa ya simu inaiita 10:00, kwenye seva imeandikwa 07:00. Tiba ni rahisi: nakili saa kama inavyoonekana kwenye kioo cha simu, ongeza kwamba ni saa za Afrika Mashariki, na mwezi uuandike kwa jina lake. Tarehe 3/4 kwetu ni tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni nne Machi.

Halafu ujue mlango wa kubisha. Hapa ndipo malalamiko mengi mazuri yanapopotea, kwa sababu programu moja ina wenyewe wengi. Ule mfano wa mikoko umebisha kwa Organic Maps, lakini njia yenyewe imechorwa OpenStreetMap, na OsmAnd nayo itakuwa na kosa lilelile. Ukitaka kujua kosa ni la nani, fungua programu ya pili inayotumia ramani hiyohiyo. Kosa likiwepo kote kuwili, ni la ramani. Likiwa upande mmoja, ni la programu. Tena ramani ikisharekebishwa usitarajie simu yako ibadilike siku hiyohiyo. Ramani za kupakuliwa hutolewa upya kwa vipindi, na wewe lazima uzipakue tena. Watu wamerudi kulalamika kwamba hawakusikilizwa, na huku kazi ilishamalizika zamani.

Kwenye afya milango ni mingi zaidi, na kukosea huko kunauma. Tuseme muuguzi wa Faza anajaza MOH 705, fomu ya muhtasari wa wagonjwa wa nje, na safu moja haikubali tarakimu. Kama fomu inakataa tarakimu kwa kila mtu, katika kila kituo, basi huenda ni jinsi ilivyopangwa na Wizara ya Afya, na mtu wa Oslo hana ruhusa wala ujuzi wa kuigusa. Kwanza ni afisa wa kumbukumbu za afya wa kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha Wizara. Kama fomu ni sawa lakini programu ya simu inafunga yenyewe kila inapotaka kutuma yaliyojazwa nje ya mtandao, hapo ni kasoro ya programu, na watu wa DHIS2 wanataka kuisikia. Na kama tatizo ni mtandao wenyewe, si mmoja wala mwingine atakayekusaidia. Mtafute mtoa huduma wa simu. Muulize mwenzako wa Mpeketoni au Witu kama naye imemtokea. Swali hilo moja la simu hutenganisha kasoro ya kituo chako na kasoro ya kaunti nzima.

Kwa jambo la afya kuna sharti ambalo silifanyii mzaha hata kidogo. Picha ya kioo cha kompyuta ya kliniki usiitume popote kabla ya kufuta jina la mgonjwa, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na chochote cha kumtambulisha. Ripoti za programu huria huonekana na dunia nzima, na hubaki kuonekana miaka na miaka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, visiwa vyetu ni vidogo. Ukitaja umri, kijiji na ugonjwa, watu wa Siyu wanamjua unayemsema kabla hujamaliza sentensi. Tengeneza mgonjwa wa uongo, mjazie habari za uongo, jaribu kama kasoro inatokea tena, halafu utume hiyo. Ushahidi ni uleule na hakuna aliyeumizwa.

Picha nayo, hata ikiwa safi, si mahali pake kila mara. Mtu anapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, kwa pembeni, taa ikimulika katikati, anaituma. Kumaliza bando la mtumaji imemaliza, na maneno ya kosa hayasomeki. Kama kosa limeandikwa kwa maneno, yanakili yote yalivyo, hata yale yasiyo na maana kwako, hata nambari zilizopangwa kama za bahati nasibu. Msaidizi huyatafuta maneno hayo herufi kwa herufi ndani ya msimbo. Ukimfupishia umemfichia. Picha iache kwa mambo ya macho: kitufe kilichotoka nje ya kioo, herufi zilizopandana, rangi isiyosomeka juani.

Kuhusu toleo la programu, visiwani tuna desturi yetu. Programu hupita mkono kwa mkono, simu kwa simu, kwa sababu kupakua ni gharama, na mwenye nayo humrushia mwenzake palepale barazani. Ni ukarimu, na programu huria inaruhusu kabisa. Lakini programu iliyopita mikono mitano huenda ni ya miaka mitatu iliyopita, na kasoro unayoilalamikia ilishaondolewa mwaka juzi. Tafuta ukurasa unaosema "Kuhusu", soma nambari ya toleo, iandike. Ukiweza kupata toleo jipya, lijaribu kwanza. Na kabla ya kuandika, tafuta kama mwingine ameshaandika jambo hilohilo. Akiwa ameandika, ongeza ushahidi wako chini ya wake: simu yako, saa yako, mahali pako. Ripoti moja yenye mashahidi wanne ina nguvu kuliko ripoti nne zenye shahidi mmojammoja.

Tuje kwenye salamu, maana mtu wa Amu hafungui jambo kwa pupa. Kumkuta mtu na kumwuliza shida yako kabla ya kumwuliza hali yake ni utovu wa adabu, na mimi sitaki mtu yeyote aiache adabu hiyo. Ila mahali pa msaada penye watu wa nchi thelathini, ukiandika "Asalamu alaikum, kuna mtu?" ukangoja, aliye macho Brazil ataona salamu isiyo na swali, atajibu baada ya saa mbili, nawe utakuwa umeshalala, ukiamka ukajibu, yeye amelala. Siku tatu zimekwenda kwa kujuliana hali. Salamu na swali viende katika ujumbe mmoja. Salimu kwa neno moja zuri, eleza shida yote, shukuru, ukae ungoje. Si ukosefu wa heshima. Ni kumhurumia mtu ambaye muda wake ni usiku.

Lugha isikutishe. Kiingereza kifupi cha moja kwa moja kinatosha, na wengi wa wasaidizi wenyewe Kiingereza wamejifunza darasani kama wewe. Ukiona kinakushinda, andika Kiswahili, weka chini yake tafsiri ya mashine, na useme wazi kwamba ni ya mashine, ili neno likipotoka msomaji arudi kwenye asili. Pia si kila anayekusoma ni mgeni. Ushahidi, programu huria iliyoundwa Kenya Januari 2008 kuonyesha kwenye ramani habari za ghasia za baada ya uchaguzi, ilitoka mikononi mwa watu wetu. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitolewa Desemba 2004 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Kosa la tafsiri nalo ni kasoro, na lina watu wake wa kulipokea: watafsiri, ambao wengi wanafurahi kuona tu kwamba kuna aliyesoma.

Usipojibiwa, ngoja. Wiki mbili zikipita, uliza tena kwa upole, mara moja, palepale ulipoandika mwanzo. Usimfuate mtunzaji nyumba kwa nyumba. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu ya kisa cha xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika karibu kila kompyuta ya Linux. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana walianza kumwandama hadharani kwamba anachelewa, kwamba hajali, kwamba ampe mwingine kazi. Alijibu kwamba ana matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na kwamba hii si kazi ya kulipwa. Hatimaye aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akisaidia kwa ustaarabu tangu 2021, akakabidhiwa sehemu ya mamlaka, na mwaka 2024 akapenyeza ndani ya xz mlango wa siri ambao ungempa njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingi za dunia. Kelele za walalamishi wasio na huruma ndizo zilizomfungulia njia.

Na aliyeuona mlango huo alikuwa mlalamishi wa aina ninayoitaka. Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kulikuwa kunachukua kiasi cha nusu sekunde zaidi kuliko kawaida. Nusu sekunde. Wengine tungepuuza. Yeye alipima, akafuata, akaandika kila alichokiona kwa mpangilio, na tarehe 29 Machi 2024 akakitoa hadharani baada ya kwanza kuwajulisha kwa faragha wahusika wa usalama. Kwa hiyo usidharau jambo dogo ulilolishuhudia. Na ukihisi umegundua upenyo ambao mwizi anaweza kuutumia, usiuanike: miradi mingi ina anwani ya faragha ya mambo ya usalama, andika huko.

Ukijibiwa, kazi yako haijaisha. Msaidizi akiuliza swali, ndio umefika mahali penyewe; jibu siku hiyo ukiweza. Akikwambia amerekebisha, jaribu, kisha useme imekubali au haijakubali. Ripoti nyingi hufungwa bila kuthibitishwa kwa sababu aliyeziandika ametoweka. Ikikubali, shukuru kwa jina. Kwa mtu asiyelipwa, huo ndio mshahara wa mwezi huo.

Nimeacha kwa mwisho kasoro inayonigusa zaidi, kwa kuwa hakuna taifa jingine litakaloiripoti badala yetu. Pate, Siyu na Amu zimeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Mswada wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate, una tarehe ya mwaka 1728. Leo herufi zinazohitajika zaidi zimo katika Unicode, orodha ya dunia ya herufi za kompyuta: پ ina nambari U+067E, چ ina U+0686, ڤ ina U+06A4. Kevin Donnelly ametengeneza programu huria iitwayo Andika!, inayogeuza Kiswahili cha herufi za Kilatini kuwa cha Kiarabu na kukirudisha. Amiri na Scheherazade New ni fonti huria, na Keyman ni programu huria ya kutengenezea kibodi. Vyombo vipo.

Kinachokosekana ni mlalamishi. Herufi ikigeuka kisanduku, fonti haina herufi hiyo: mwandikie mtengeneza fonti, umtajie nambari ya Unicode, jina la fonti na programu uliyoandikia. Fonti ikiwa nayo lakini huna pa kuibonyeza, ni suala la kibodi. Irabu zikikaa juu ya herufi isiyo yake, piga picha, na pembeni uandike kwa mkono namna inavyotakiwa kukaa. Mtengeneza fonti aliyesoma Kiarabu cha Cairo hawezi kujua mazoea ya waandishi wa Siyu. Wazee na masharifu wanaoyajua mazoea hayo wengi hawajui pa kupeleka ripoti, na vijana wanaojua pa kupeleka wengi hawajui mazoea.

Basi kijana wa Amu, wa Faza, wa Ndau, uliye na simu na bando la wiki: chukua karatasi, nenda kwa maalim wako aliyekufundisha juzuu ya kwanza, mwombe aandike sentensi kumi za Kiswahili kwa hati aliyoirithi. Zichape kwenye simu mbele yake. Kila anaposema "siyo hivyo," uliza ni vipi, uandike. Hiyo ni ripoti. Ipeleke kabla haujaandama mwezi mwingine.